MySQL inakukatalia ukiwa nyumbani kwa VPN

Ndugu, umesema ukiwa biro hapa Lubumbashi mjini unaingia vizuri kwenye MySQL (programu ya kuhifadhi data), lakini ukiwa nyumbani Kamalondo, ukipitia VPN (njia salama ya kufika mtandao wa biro kupitia intaneti), unapata kosa 1045, yaani umekataliwa kuingia. Usiguse neno la siri kwanza. Kosa hilo lenyewe linaonyesha umefika kwenye seva, kwa hiyo VPN inafanya kazi. MySQL haiangalii jina tu, inaangalia na anwani unakotokea. Soma ujumbe hadi mwisho: baada ya alama ya @ utaona anwani, tuseme 10.8.0.6, na pengine akaunti yako ilifunguliwa kwa 192.168.1.% peke yake, yaani anwani za mtandao wa biro (alama % inasimama mahali pa nambari yoyote). Mwombe msimamizi akufungulie ya 10.8.0.% pia. Asiweke % tupu, maana hiyo inaruhusu anwani yoyote ile, hata kama ana haraka! Ingekuwa unangoja tu bila jibu lolote, ningekuambia uangalie kama poti 3306, mlango wa mtandao ambao MySQL hutumia kwa kawaida, imefungwa.