Msimwachishe mzee mionzi kwa ajili ya dripu ya eksosomu

Mkuu, pole sana kwa kuuguza. Umeuliza kama mzee wako aache mionzi ya koo mkamlipie dripu ya eksosomu. Nimemuuguza baba kwa kansa hiyohiyo, na dripu hiyo tuliletewa nyumbani akiwa wiki ya 4 ya mionzi. Kinywa chote vidonda, uji mwepesi tu unamtoa machozi. Ukiwa na mgonjwa wa hivyo unakubali lolote. Sisi tulishapata hadi mnunuzi wa ng'ombe.

Daktari wake alitukalisha chini. Eksosomu zipo kweli: ni vifuko vidogo mno, nanomita 30 hadi 150 hivi, ambavyo seli huvitoa vikiwa na ujumbe kwa seli nyingine. Ila uvimbe wa kansa nao unavitoa. Vya kansa ya kichwa na shingo huweza kubeba PD-L1, protini inayowalaza askari wa mwili, na vingine huzifundisha seli jirani kuhimili sisplatini, dawa ya kansa inayotolewa pamoja na mionzi. Kwa hiyo watafiti wanavisaka kwenye damu na mate ili wabaini mapema ugonjwa ukirudi, wengine wanajaribu kuvipakia dawa. Dripu mnayouziwa sijui imetokana na seli za nani, na nanyi hamtaambiwa. Mwaka 2019 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilionya wananchi baada ya wagonjwa kudhurika jimbo la Nebraska, na haikuwa imeidhinisha bidhaa hata moja ya eksosomu.

Jambo moja lilinigusa sana nilipofuatilia. Chuo kikuu cha Louisville, hukohuko Marekani, kilianzisha jaribio la eksosomu za zabibu kwa wagonjwa wa kichwa na shingo, kuona kama zitazuia vidonda vya kinywa. Vidonda vilevile vilivyotaka kututoa hospitalini! Lakini walengwa walikuwa watu wanaoendelea na mionzi na dawa zao, si walioacha.

Mkikatiza, seli za kansa hii zinatumia mapumziko hayo kuota upya kwa kasi. Semeni maumivu wazi kliniki, msione aibu. Baba alipewa morfini ya maji, akawekewa mrija wa kulishia puani, akawa anasukutua maji ya chumvi na magadi ya kuokea (baking soda) mara nyingi kwa siku. Mrija aliukataa siku mbili, mama ndiye aliyembembeleza. Alimaliza mionzi yote 35.

Mzee wako amefika ya ngapi? Na anameza nini kwa sasa?