Wanyama wa ajabu? Hata Pugu wapo

Mkuu, umeuliza kama wanyama wa ajabu ni wa Australia na Madagaska tu. Hapana! Hapo msitu wa Pugu, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, yupo njule. Kwa haraka utadhani ni panya mkubwa, ila ana pua ndefu kama kamkonga, anaipindapinda huku akipekua majani makavu kutafuta wadudu. Mabega rangi ya kutu, kiunoni mweusi tii. Na kinasaba yuko karibu na tembo kuliko panya! Ndugu yake mwenye uso wa kijivu, wa milima ya Udzungwa, wanasayansi walimtangaza mwaka 2008 tu. Nenda asubuhi, tulia, sikiliza majani. Ila wahi, maana wakata mkaa wameumaliza sana msitu ule, inauma.