Maswali na Majibu: Trela linalala nje safarini, kufuli moja linatosha?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mwezi ujao tunasafiri na familia ya kaka yangu, gari la 4x4 likivuta trela lenye pikipiki mbili za magurudumu manne. Tutalala njiani mara kadhaa na trela litabaki nje usiku kucha. Gari lina king'ora na ule ufunguo unaokaa mfukoni, mlango unafunguka wenyewe ukikaribia. Nimeweka pia kifaa cha GPS. Trela lina kufuli moja tu, pale linapoungana na gari. Je, inatosha? Na kama fedha ni za kitu kimoja au viwili, nianze na kipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya safari. Haitoshi, na pengo kubwa liko kwenye trela. Gari lina ufunguo wenye chipu, lina king'ora, lina kompyuta inayokataa kuwasha injini. Trela halina injini wala ufunguo. Anayelitaka anahitaji gari lingine la kulivuta, basi.

Tena vipimo vinamsaidia. Gololi ya chuma iliyo nyuma ya gari, ile inayobeba kikombe cha trela, ina kipenyo cha milimita 50 Ulaya na sehemu nyingi za dunia. Marekani inayotumika sana ni ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Kwa hiyo ukiacha trela peke yake, gari la mtu yeyote mwenye gololi ya kipimo hicho linaweza kulichukua kwa muda mfupi sana.

Sasa chuchumaa nyuma ya gari lako, trela likiwa limeungwa, uangalie sehemu tatu.

Ya kwanza ni komeo la kikombe. Nadhani ndipo lilipo kufuli lako. Linazuia kikombe kisinyanyuliwe kutoka kwenye gololi, na hapo linafanya kazi yake.

Ya pili ndiyo wengi huisahau. Kama gololi yako imeshikwa na chuma kinachochomekwa ndani ya bomba la mraba chini ya bampa, kuna pini inayopita ubavuni na kibanio chembamba cha waya upande wa pili. Kibanio hicho kinatoka kwa vidole. Mwizi akikitoa na kuisukuma pini, chuma chote kinachomoka pamoja na gololi, kikombe na kufuli lako. Trela linaondoka likiwa limefungwa vizuri kabisa. Badilisha pini hiyo uweke yenye kufuli. Ni kifaa kidogo, na kwa maoni yangu hakuna kingine chenye faida kubwa zaidi kwa bei yake.

Ya tatu ni boliti zinazoshikilia kikombe kwenye shingo ya trela, yaani chuma kirefu cha mbele. Matrela mengi madogo yana boliti mbili za kawaida. Mwenye spana atakifungua kikombe chako na kufunga cha kwake. Mwambie fundi aweke nati za usalama, zile ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa na kubaki duara lisiloshikika kwa spana.

Mkifika mahali pa kulala, ushauri wangu ni kuliacha trela likiwa limeungwa na gari, kama nafasi inaruhusu. Mkilazimika kulitenganisha, kufuli la komeo pekee halifai tena. Tumia kufuli linalojaza kikombe kwa ndani, gololi ya mtu mwingine isipate pa kuingia. Hata hivyo mwizi anaweza kufunga shingo kwa mnyororo wake na kuliburuta trela, kwa hiyo zuia na gurudumu kwa kibano cha chuma. Elekeza shingo ukutani au kwenye ubavu wa gari lako. Trela jepesi watu wawili wataligeuza kwa mikono, lakini watapoteza muda na watapiga kelele, na hivyo viwili mwizi havipendi. Asubuhi ukiwa na haraka ni rahisi kusahau kibano na kung'oa kinga ya matope ya trela, kwa hiyo usiku huo tundika ufunguo wake kwenye usukani.

Pikipiki zenyewe zimefungwa kwa mikanda, sivyo? Mkanda huukaza mzigo tu, kisu kinaukata mara moja. Pitisha mnyororo kwenye fremu ya kila pikipiki na kwenye chuma cha trela kilichochomelewa. Usiupitishe kwenye keria wala kwenye gurudumu peke yake, maana vyote viwili vinafunguliwa kwa spana. Mnyororo uwe wa chuma kilichokomazwa. Unene wa milimita 13 hushinda mikasi mingi ya mkono ya kukatia chuma, na wa milimita 16 ni salama zaidi ingawa ni mzito kubeba. Usiuache ukilala chini. Mtu akiegemeza mpini mmoja wa mkasi ardhini, anaukanyagia mwingine kwa uzito wa mwili wote. Ukaze uwe juu, bila kulegea, na kufuli ligeukie ndani. Kwenye kufuli tafuta alama ya kiwango cha Ulaya EN 12320, chenye ngazi 1 hadi 6, uchague za juu. Grenda ya betri itakata chochote nilichotaja hapa, sikufichi. Ila grenda inalia na kurusha cheche, na akikuta vyuma vitatu vya kukata, hatari ya kuonekana inakuwa kubwa. Ndiyo maana naomba uegeshe penye mwanga, karibu na chumba chenu, hata kama kuna kona iliyojificha inayoonekana tulivu zaidi.

Tuje kwenye gari. Ufunguo unaokaa mfukoni hujibu wenyewe mawimbi yanayotoka kwenye gari, bila kubonyezwa. Wezi wawili, mmoja karibu na chumba chako na mwingine mlangoni mwa gari, wanaweza kuyarefusha mawimbi hayo hadi gari lidhani ufunguo upo. Weka ufunguo, pamoja na ule wa akiba, kwenye mfuko maalumu wa kuzuia mawimbi. Upime mwenyewe: simama kando ya gari ufunguo ukiwa ndani ya mfuko, mlango ukifunguka, tupa mfuko huo.

Mfuko huo hauzuii njia nyingine. Mwaka 2022 Ian Tabor, mtaalamu wa usalama wa mifumo ya magari huko Uingereza, aliibiwa Toyota RAV4 yake. Kabla ya hapo alikuta bampa limevutwa na plagi ya taa ya mbele imechomolewa, akadhani ni uharibifu tu. Mwaka 2023 yeye na mtaalamu mwenzake Ken Tindell walieleza hadharani jinsi wezi wanavyoingia kwenye nyaya za mawasiliano za gari kupitia waya wa taa na kulidanganya kwamba ufunguo upo. Kwa hiyo safarini ukikuta bampa limelegea upande wa taa, hamisha gari usiku huohuo. Kinga inayofaa ni swichi ya siri inayokata umeme wa stata, ifungwe na fundi umeme wa magari anayeaminika. Kata stata tu. Swichi inayoweza kuzima injini gari likiwa kwenye mwendo ni hatari kwa roho zenu. Kufuli la chuma la usukani nalo lisidharauliwe.

GPS yako ni nzuri, lakini ipo kwenye gari, na trela ndilo linaloondoka kirahisi. Weka nyingine kwenye trela, yenye betri yake. Isikae ndani ya bomba la chuma, mawimbi hayatapita. Itafute nafasi nyuma ya plastiki, kisha uhakikishe kwenye simu kwamba inaripoti kabla hamjaondoka. Vile vidude vya kutafutia funguo kama AirTag si mbadala kamili, kwa sababu vimeundwa kumwarifu mtu kwenye simu yake kwamba kifaa cha mwingine kinasafiri naye. Mwizi naye atapata taarifa hiyo.

Piga picha za namba ya chesisi ya trela, za pikipiki, na za makufuli yakiwa mahali pake, uzihifadhi nje ya gari. Soma pia masharti ya bima, kwani baadhi hutaka aina maalumu ya kufuli au hazilipi trela lililoachwa bila kuungwa. Likiibwa, wape polisi namba hizo na mahali GPS inapoonyesha. Usilifuate mwenyewe.

Kwa fedha za vitu viwili, nunua pini yenye kufuli na mnyororo mnene pamoja na kufuli lake. Zikibaki kidogo, mfuko wa ufunguo. Kibano cha gurudumu kifuate kabla ya GPS ya pili, maana ni bora trela lisiondoke kuliko kujua lilikokwenda.