Draiva za LED na marufuku ya kulala: maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa Unguja na Pemba wanaoandika au kukagua draiva (programu za kuendesha vifaa) za taa za LED ndani ya kerneli, sehemu kuu ya mfumo wa Linux. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: nani anaiita fanksheni yako, na je, anaruhusiwa kusubiri, yaani kulala?

Draiva yangu huandika rejista moja ya I2C (basi, yaani njia ya waya mbili ya kuongea na vichipu) ndani ya `brightness_set`, fanksheni ya kuweka mwanga. Nikiandika 1 kwenye faili la `brightness` chini ya `/sys/class/leds`, taa inawaka vizuri kabisa. Mkaguzi kaikataa patchi. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi, Tunguu)

Mkaguzi yuko sahihi, na jaribio lako ndilo lililokuficha kosa. Unapotumia `echo`, anayeita fanksheni yako ni prosesi ya kawaida, nayo inaruhusiwa kulala mpaka basi ya I2C imalize kazi. Sasa washa triga (kinachoamua taa iwake lini) ya `timer`. Hapo anayeita ni taima ya kerneli, na ndani ya taima hakuna anayeruhusiwa kulala.

Hesabu mwenyewe. Kuandika rejista moja ni baiti tatu: anwani, namba ya rejista na thamani. Kila baiti ina biti 8 na moja ya kukiri, jumla 27. Kwa kasi ya kHz 100 hiyo ni takriban milisekunde 0.27, na ikiwa kifaa chengine kimeishika basi, utangoja zaidi. Kerneli ikijaribu kubadilisha kazi katikati ya hali hiyo, `dmesg` (ujumbe wa kerneli) itatoa "BUG: scheduling while atomic", au mashine itaganda.

Dawa yake ni kuihamishia fanksheni kwenye `brightness_set_blocking`, inayorudisha `int`. Kiini cha LED (msimbo wa pamoja wa kerneli unaosimamia taa zote) kikikuta `brightness_set` haipo, chenyewe huipeleka kazi kwenye foleni, nako huko kulala ni halali. Faili la `include/linux/leds.h` linaeleza wazi kwamba `brightness_set` haitakiwi kulala.

Kabla ya kuituma tena, jenga kerneli yenye `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP` na `CONFIG_PROVE_LOCKING`. Fungua `dmesg -w` kwenye dirisha moja. Kwenye dirisha la pili andika `timer` ndani ya `trigger`, kisha 50 ndani ya `delay_on` na 50 ndani ya `delay_off`. Iache ipepese dakika kadhaa. Draiva yenye kosa la kwako itatoa "sleeping function called from invalid context" mara moja, pamoja na mlolongo wa fanksheni zilizoitana. Usome mlolongo huo kutoka chini kwenda juu, utamuona aliyeanza kuita.

Kwa usalama, si bora nijaze zote mbili, `brightness_set` na `brightness_set_blocking`? (Wete)

Hapana. Kwa njia ya kawaida kiini huanza na `brightness_set` ikiwepo, kwa hiyo ya pili haitakuokoa na chochote. Chagua moja wakati wa `probe`, draiva inapoanza kukishika kifaa. Ikiwa pini inaweza kuwa ya kichipu chenyewe au ya kifaa cha I2C, uliza `gpiod_cansleep()` kisha ujaze inayofaa. Ndivyo ifanyavyo `drivers/leds/leds-gpio.c`, na faili hilo ni fupi, lisome lote.

Nimefunga taa nane kwenye PCF8574 (kichipu cha I2C chenye pini nane) kuonesha kina cha tangi la maji. Taa ni hafifu mno, na kerneli inatoa onyo kila ninapoita `gpiod_set_value`. Nirekebishe nini kwenye draiva niliyoiandika? (Mwanakwerekwe)

Una matatizo mawili, moja la waya na moja la msimbo.

Pini za PCF8574 zinavuta mkondo hadi mA 25, lakini zikiwa juu hutoa takriban µA 100 tu. Kwa hiyo taa ifungwe kutoka V 3.3, ipite kwenye rezista, iingie kwenye pini. Kwa LED nyekundu inayokula V 2, rezista ya ohm 270 inakupa karibu mA 5, nao unatosha. Taa sasa itawaka pini ikiwa chini, basi weka `GPIO_ACTIVE_LOW` kwenye faili la dts (linaloieleza kerneli vifaa vilivyofungwa), wala usigeuze thamani kwa mkono ndani ya msimbo.

Onyo linatoka kwa sababu pini hizo ziko nyuma ya I2C, na zinahitaji `gpiod_set_value_cansleep()`. Lakini ushauri wetu hasa ni kuiacha draiva yako. `gpio-pcf857x` ikishirikiana na `leds-gpio` inafanya kazi yote hiyo kwa mistari michache ya dts. Mkaguzi mzuri huuliza kwanza kama draiva mpya inahitajika.

Tena, kwetu hewa ya chumvi hula viunganishi. Kifaa kisipojibu, utapata `-ENXIO` au `-EREMOTEIO` kutegemea basi yako. Fanksheni inayorudisha 0 kila mara huificha hitilafu hiyo. Ukirudisha kosa lenyewe, kiini kitaliandika kwenye logi.

Draiva ya zamani ninayoikagua ina `work_struct` (kazi ya kuwekwa kwenye foleni) yake yenyewe. Niiache? (Chake Chake)

Iondoe. Tangu toleo la 4.5 la mwaka 2016 foleni hiyo imo ndani ya kiini. Inayobaki kwenye draiva mara nyingi imesahau `cancel_work_sync()`, na kazi huendeshwa baada ya kumbukumbu kuachiliwa.

Taa nane zinatumia rejista moja. Nifunge kwa mutexi (kufuli ambalo anayelisubiri hulala) au spinloki (kufuli la kusubiri bila kulala)? (Mbweni)

Inategemea njia. Rejista ikiwa ndani ya kumbukumbu na unatumia `brightness_set`, tumia `spin_lock_irqsave()`, maana triga inaweza kukuita ndani ya interapti. Ikiwa ni I2C, tumia mutexi, wala usiguse I2C huku umeshika spinloki.

Kosa tunaloliona zaidi ni kufunga nusu: msimbo unabadilisha nakala ya rejista ndani ya kufuli, unaachia, kisha unaandika kwenye kifaa. Kazi mbili zikipishana hapo, thamani ya zamani huandikwa mwisho na taa moja hubaki imezima bila sababu ya kuonekana. Kubadilisha na kuandika viwe ndani ya kufuli moja. `regmap_update_bits()` inakufanyia hivyo. Angalia pia `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL` na `msleep`, navyo hulala.

Nikiondoa moduli kwa `rmmod`, kerneli inaanguka. `remove` yangu inazima saa ya kifaa (mapigo yanayokiendesha) tu. (Mkoani)

Hapo hapo ndipo penye kosa. Vilivyosajiliwa kwa `devm_led_classdev_register_ext()` huondolewa baada ya `remove` kumaliza, na kiini huita fanksheni yako mara ya mwisho kuizima taa. Wakati huo saa umeshaizima. Futa `remove`, na uzimaji wa saa uusajili kwa `devm_add_action_or_reset()` kabla ya kusajili LED. Vya `devm` huachiliwa kinyume cha mpangilio, kwa hiyo taa itaondoka kwanza na saa itafuata. Kisha jaribu `rmmod` huku triga ya `timer` ikiendelea kupepesa.