Kuita fanksheni za Windows kutoka PowerShell

Skripti inayonakili mafaili makubwa usiku kucha itakwama kompyuta ikilala. PowerShell haina amri yake ya kuizuia, ila Windows ina fanksheni ya kazi hiyo hiyo, SetThreadExecutionState, ndani ya kernel32.dll, mojawapo ya maktaba za Windows. Add-Type, amri ya PowerShell ya kuingiza msimbo wa lugha ya C#, iliyopo tangu PowerShell 2.0, inakufikisha huko:

```
$w = Add-Type -Name Usingizi -Namespace Win -PassThru -MemberDefinition @'
[DllImport("kernel32.dll")]
public static extern uint SetThreadExecutionState(uint esFlags);
'@
$w::SetThreadExecutionState(2147483649)
```

Jibu likiwa 0, ombi limekataliwa.

Namba hiyo ndefu ni 0x80000001 kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16), na nimeiandika kwa tarakimu za kawaida kwa makusudi. Ukiandika 0x80000001, PowerShell huisoma kama namba ya biti 32 inayokubali hasi, yaani -2147483647, na kwa kuwa fanksheni inataka uint (namba isiyokubali hasi), unapata kosa la kugeuza aina. Ikiandikwa kwa tarakimu za kawaida husomwa kama namba ya biti 64, kisha hugeuka bila shida. Ukipenda heksadesimali, andika [uint32]'0x80000001'.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: tamko la fanksheni (ile mistari ya DllImport na extern) liandike mwenyewe ukiwa umefungua nyaraka za Microsoft, usiliokote tu mtandaoni. Matamko mengi yanayozunguka huko yametumia int mahali pa IntPtr, aina inayobeba anwani za kumbukumbu. IntPtr ina baiti 4 kwenye programu ya biti 32 na baiti 8 kwenye ya biti 64, kwa hiyo tamko bovu linaweza kufanya kazi vizuri kwa muda mrefu, halafu siku moja dirisha zima la PowerShell likatoweka. Usitegemee try na catch, yaani njia ya kawaida ya kunasa makosa, hapo. Kumbukumbu ikishavurugwa, programu nzima huanguka. Na fanksheni ikipokea maandishi, weka CharSet.Unicode kwenye DllImport, maana usipoweka, C# hutumia ANSI, usimbaji wa zamani wenye herufi chache, na herufi nyingine hugeuka alama za kuuliza.

Kwa fanksheni zinazoacha namba ya kosa, ongeza SetLastError=true kwenye DllImport, kisha isome kwa Marshal.GetLastWin32Error() ndani ya msimbo wa C# wenyewe. Ukingoja hadi mstari unaofuata wa skripti, PowerShell inaweza kuwa imeshaita Windows kwa shughuli zake na kuifuta. Namba 5, kwa mfano, ni kunyimwa ruhusa, na hiyo hutaki ikupotee.

Ukibadilisha tamko, fungua dirisha jipya, kwani aina iliyokwisha kuundwa haiondoki.

Kabla ya yote, tazama kama .NET, maktaba ya Microsoft ambayo PowerShell imejengwa juu yake, haina tayari unachotafuta. Mara nyingi inacho, na mimi huanzia huko siku zote. Kwa usingizi wa kompyuta haina, kwa hiyo weka kazi yako ndani ya try, na kwenye finally (sehemu inayotekelezwa daima, hata kukiwa na kosa) uite fanksheni tena kwa 2147483648, ili mashine irudi kulala kama kawaida hata kunakili kukikatika katikati.