Mkutano ukisema "ndiyo", usifunge daftari bado

Wadogo zangu mnaoripoti halmashauri mwaka huu, maafisa maendeleo ya jamii, wahandisi wa maji, maafisa mipango, nina jambo moja la kuwapa, na nimelipata kwa gharama. Kwenye mradi wa umma wenye wadau wengi, watu hawakupingi mkutanoni. Wanakupinga baadaye, usiku, kwa jembe.

Ulikuwa mradi wa maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Chanzo kiko bondeni, kitongoji cha juu. Tenki likae katikati. Vilula, yaani mabomba ya kuchotea maji, vishuke hadi kitongoji cha chini, kwenye shule na zahanati. Mkutano Mkuu wa Kijiji ulijaa. Tulifika na magari matatu, viongozi wakakaa mbele chini ya turubai, mhandisi akatandaza ramani. Mwenyekiti akauliza, "Ndugu wananchi, tumekubaliana?" Ndiyo ikaitikiwa kwa sauti moja. Nikakusanya karatasi za mahudhurio, zenye sahihi na alama za dole gumba, nikaziambatisha kwenye taarifa kuwa ushahidi kwamba jamii imeridhia.

Wiki ya tatu mkandarasi akapiga simu. Mtaro unaotoka kwenye chanzo umefukiwa usiku, na vigingi vya mpimaji vimeng'olewa.

Ofisini tulitaka kuita polisi. Mtendaji wa kijiji aliniomba nimpe siku mbili kwanza, na hadi leo namshukuru. Alinipeleka kwa mama mmoja wa makamo, tukamkuta jikoni anapukuchua maharage. Tukaamkiana, kamwene, akanisogezea kigoda, akaendelea na kazi yake. Nilipouliza kuhusu mtaro hakuukana wala hakuukubali. Alisema, "Mwanangu, siku ile mlituuliza kama tunataka maji. Nani hataki maji? Hamkutuuliza kama tunataka kuacha vinyungu."

Asiyejua vinyungu ajue ni bustani za bondeni, zinazolimwa kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamekauka. Ndimo zinamotoka kabichi, maharage na mahindi mabichi, na ndimo inamotoka ada ya mtoto. Mhandisi alikuwa ametaja kwa sentensi moja tu kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kwetu hiyo ilikuwa taarifa. Kwa wale akina mama waliokaa nyuma kabisa ilikuwa hukumu. Nao wangesimamaje mbele ya magari matatu, kwenye mkutano ambao kijiji kizima kinasubiri maji, waseme wao hawataki?

Tangu siku hiyo kazi yangu huanza na swali moja: katika mradi huu nani anapoteza, na anapoteza nini hasa? Wanaofaidika watajitokeza wenyewe. Anayepoteza inabidi umfuate kwake, bila gari ikiwezekana, na saa inayomfaa yeye. Ukikosa kumpata kabla ya mkutano, ile "ndiyo" ya mkutano si yake.

Msidhani hili ni la vijijini peke yake. Tazameni Lamu, Kenya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa sababu ya athari za ujenzi wa bandari mpya, na moja ya makosa iliyoyaona ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Mwaka uliofuata, Juni 2019, baraza la mazingira la nchi hiyo likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hapohapo Lamu. Na mikutano ilikuwa imefanyika! Ila ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kukamilika, kwa hiyo watu waliketi na kusikiliza bila kuwa na kitu cha kujadili. Nalisoma shauri lile nikiziona karatasi zangu za mahudhurio.

Tulirudi bondeni mwezi wa Oktoba, maji yakiwa yamepungua kabisa. Hatukubeba ramani. Tulikwenda na kipande cha bomba, ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Tulikinga maji yote ya kijito kwenye bomba, na akina mama wenyewe wakahesabu: ndoo ilijaa kwa sekunde 8. Tukapiga hesabu pale pale kwenye majani. Ni lita 2.5 kwa sekunde, lita 216,000 kwa siku. Sera ya Maji ya 2002 ilikuwa ikimpa mtu wa kijijini lita 25 kwa siku. Kwa watu 3,000 ni lita 75,000, yaani mengi yanabaki. Walirudia kujaza ndoo mara nne, kila mmoja akishika simu kwa zamu. Hakuna hotuba ingefanya kazi ile.

Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza kweli. Maji ya ziada ya chanzo yarudi kijitoni. Vinyungu vilivyo ndani ya mita 60 vihamie chini, kijiji kitoe eneo kabla ya msimu, si baada. Mpaka uoteshwe mivengi, miti inayotunza maji, na mikaratusi iliyokuwa inanyonya chanzo ikatwe, ingawa mwenye mikaratusi naye alikuwa mdau na ilichukua wiki mbili kuelewana naye. Na kilula kiwepo kitongoji cha juu, ambacho kwenye mchoro wa kwanza kilirukwa kabisa ingawa maji yanatoka kwao.

Kuhusu ofisi za serikali nitasema kwa ufupi. Bodi ya maji ya bonde wanatoa kibali cha kutumia maji, wa barabara wana hifadhi yao, ardhi ya kandokando ya barabara, ambayo bomba litakatiza, na kila mmoja ana mkaguzi wake na bajeti yake inayoanza tarehe 1 Julai. Nenda kwao mapema, uliza mkaguzi atawauliza nini, kisha andaa jibu hilo pamoja nao. Barua peke yake itakaa kwenye jalada.

Mkutano Mkuu wa pili hatukuketi mbele. Muhtasari ulisomwa kwa sauti, kipengele kwa kipengele, kila kimoja kikijadiliwa kabla ya kuandikwa. Tulipofika kwenye maji ya ziada, yule mama akasimama nyuma kule kule.

"Koki ya kurudisha maji kijitoni, ufunguo atakaa nao nani?"

Ilichukua karibu saa nzima. Funguo zikawa mbili, mmoja kwa fundi wa chombo cha watumia maji kinachoendesha mradi, mwingine kitongoji cha juu. Ikaandikwa hivyo, ikasomwa tena, ndipo nikafunga daftari.