Kabla ya Kuwavusha Wanafunzi Horohoro, Wapeleke Vipingo

Safari yangu ya kwanza ya kuwapeleka wanafunzi wa Mombasa hadi Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Horohoro kule Tanzania, niliiharibu mwenyewe. Kwa siku mbili tulikimbizana na ratiba: mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni, makumbusho, shamba la mkonge, na ufuo juu yake. Tuliporudi Mombasa nikawaambia waandike insha. Mmoja akajaza ukurasa mzima na chipsi mayai aliyokula Tanga mjini. Ningemlaumu vipi? Ndicho kitu pekee alichopata nafasi ya kukitazama akatosheka.

Mara ya pili nilichagua jambo moja tu, mkonge, na nikaanzia nyumbani. Wiki tatu kabla ya safari tulikwenda Vipingo, kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Kilifi. Watoto wa Mombasa huyapita mashamba yale kila wakienda Malindi kwa jamaa zao, na wengi wangu walikuwa wakidhani ni mananasi. Tukaingia Ngomeni pia, maana nusu ya darasa hawakuwahi kuvuka mlango wa Fort Jesus, ingawa viazi karai vya pale nje wanavijua vyote. Mtoto asiyejua makumbusho ya kwao, hata ya ng'ambo atayapita akitafuta choo na duka la soda.

Karatasi ni kazi yako mwalimu, usimwachie dereva. Pasipoti au hati ya muda ya safari, barua ya ruhusa ya mzazi, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Basi nalo liwe na bima ya Comesa. Kadi ya homa ya manjano ndiyo iliyonitia aibu: hutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na mwanafunzi wangu mmoja alikuwa amechanjwa siku tatu tu kabla. Alirudi kutoka Lungalunga, mpakani upande wetu, kwa matatu pamoja na mwalimu mwenzangu, sisi tukavuka. Mama yake hajanisalimia vizuri mpaka leo, na ana haki. Siku hizi nazikusanya kadi mwezi mzima kabla. (Mifuko ya plastiki msibebe. Kwetu imepigwa marufuku tangu 2017, kwao tangu Juni 2019.)

Sasa shambani. Nendeni asubuhi, kabla jua halijakaza, na kila mtoto avae suruali ndefu na viatu vya kufunika. Jani la mkonge lina mwiba nchani, na maji yake yanawasha. Wavulana wangu wawili waliona ushujaa kuchezea majani mabichi, wakajikuna mpaka jioni. Kiwandani, ile mashine ya kukamua majani wenyewe huiita korona. Kelele zake hazisemeki na harufu ndiyo usiseme, kwa hiyo maelezo yatolewe nje kabla hamjaingia. Waambie watoto wakadirie wenyewe: jani zito namna ile, nyuzi zinazobaki, yaani singa, ni kama asilimia nne tu ya uzito. Kusikia hesabu hiyo darasani si sawa na kuliona rundo la mabaki.

Kilichonifurahisha zaidi ni swali la mvulana mmoja ambaye darasani hafungui mdomo. Alimwendea mzee aliyekuwa akituongoza, akanyoosha kidole kwenye ule mti mrefu unaochomoza katikati ya mkonge.

"Shikamoo babu. Huu mwauvuna lini?"

"Marahaba. Huo ni mlingoti, mjukuu wangu, hatuuvuni. Mkonge ukitoa mlingoti, unaaga."

Akawaonyesha miche midogo inayoota juu ya mlingoti wakati mama anakufa. Hapo nilinyamaza, kwa sababu kazi yangu ilikuwa imeshafanywa.

Makumbusho tuliyaacha ya mchana, na huu ndio ushauri ninaoushikilia kuliko wote. Makumbusho ya Urithi yamo ndani ya boma la zamani la Wajerumani, hapo hapo Tanga mjini. Kabla ya kuingia niliwakalisha kivulini nikawasimulia: mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ni 62. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yale mashamba yote tuliyoyapita yametokana na miche 62?" Kutoka hapo tukafika mwaka 1964, Tanganyika ilipozalisha zaidi ya tani 230,000, kisha kamba za nailoni zilizochukua nafasi ya kamba za mkonge, na bei iliyoporomoka. Ndani wakatazama picha za zamani za mji wakiwa na jambo la kutafuta. Ningeanza na makumbusho, ile 62 ingekuwa namba ya mtihani.

Fedha sitazisemea sana, kila shule inajua mfuko wake. Ila wabadilishieni watoto kidogo tu. Wakishika noti za maelfu ya Tanzania hujiona matajiri, na kufika saa kumi hawana hata ya maji.

Mwaka huu wanataka tupande Usambara, waione Amani na bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1902. Nimewaambia sawa, lakini Jumamosi ijayo tukutane feri Likoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Twenda Shimba Hills kwanza, milima na msitu wa kwetu.